Moshi wa Magunzi

Siku ya kuthibitishwa kwamba mimi ni maskini, nilivaa kitenge changu kizuri kuliko vyote. Nilikipiga pasi ya mkaa, nikavaa na viatu vya ibada. Nimelelewa hivyo: ukiitwa mbele za watu, unatoka umependeza. Kwamba safari hii kupendeza kungeniponza, halikunijia kichwani mpaka niliposimama kwenye mkutano wa mtaa na mzee mmoja akacheka.

Mimi na marehemu mume wangu tuliiweka nyumba yetu ya hapa Iringa dhamana benki, tukachukua mkopo, tukaenda kukodi mashamba ya mpunga Ubaruku. Mwaka ule maji yalikatika kabla mpunga haujachanua. Mume akaugua, akafa, deni likabaki na mimi. Benki walikuwa waungwana kwa kiasi chao: nikilipa riba iliyolimbikizana wataniongezea muda, nisipolipa nyumba inaenda kwa dalali. Mwanangu yuko Makongolosi anachimba dhahabu, na anachopata kinaishia hukohuko.

Halmashauri ilikuwa na mkopo usio na riba kwa wajane walioko kwenye ruzuku ya kaya maskini. Mtendaji wa mtaa alinihakikishia ungetosha kulipia ile riba ya benki. Ila kwenye ruzuku huingii kwa kujisemea mwenyewe. Jina lako linasomwa mkutanoni, na majirani wanasema kama kweli huna.

Basi hapo ndipo roho yangu ilipokwama. Miaka yote mimi ndiye niliyeshika michango ya misiba mtaani. Nimepita mlango kwa mlango nikiwa na mkoba wangu kwapani, na watu wameniita mama mwenye uwezo, na nimelipenda jina hilo kuliko ninavyopenda kukiri.

"Maskini gani huyu?" alisema yule mzee. "Nyumba ya tofali, bati la rangi, na leo kavaa kama mama wa bibi harusi."

Watu wakacheka, na sikuwalaumu. Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kusema. Nilikuwa nalo. Ningeweza kuwaambia nilichokula jana, maana kisingechukua maneno mengi. Mdomo ukagoma. Nikasema tu kwamba Mungu ni mwema, tunaendelea. Mtendaji akanikodolea macho, maana nilikuwa naikata kwa mkono wangu kamba aliyonitupia.

Ndipo jirani yangu akasimama. Ni mwanamke tunayepakana naye ukuta kwa ukuta, na tangu tugombanie mfereji wa maji machafu hatukuwa tunasalimiana. Nikajua nimekwisha.

"Mimi na huyu mama hatusemeshani, wote mnajua, kwa hiyo msiseme nampendelea," alisema. "Kila jioni moshi unatoka jikoni kwake. Anachoma magunzi. Moshi naona, ila harufu ya chakula sijawahi sikia. Anawasha moto ili sisi tujue amepika."

Hakuna aliyecheka tena. Nilitazama viatu vyangu. Moshi ule niliuona ni siri yangu na Mungu wangu. Kumbe mwenzangu alikuwa akiunusa kila siku na kunyamaza. Mama mmoja wa kwaya akaongeza kwamba kwenye shughuli huwa nafunga vipande vya nyama kwenye leso na kuvitia mkobani. Mwingine akasema, "Na hicho kitenge mnachokiona, tulimnunulia sisi alipofiwa. Hana kingine cha kutokea." Walikuwa wananisaidia, na kila neno la msaada lilinivua nguo. Mwenyekiti aliposema wanaokubali wanyooshe mikono, nilisikia mtu ananong'ona kwamba hata yule mzee kanyoosha. Mimi sikuthubutu kuinua macho.

Jina liliingia, na baadaye mkopo ukatoka, riba nikailipa. Nyumba bado ni yangu, na mkopo wa halmashauri naurudisha kidogo kidogo. Nashukuru, lakini nikiwa napita sokoni mtu akinitazama kidogo tu, nahisi anatazama mkoba wangu.

Jioni ya siku ile ya mkutano sikuwasha moto. Moshi wa nini tena? Nilikaa kwenye kigoda jikoni, baridi inaniingia, mpaka nikasikia sauti ng'ambo ya ukuta.

"Mama, mbona leo hakuna moshi?"

Ningeweza kusema nimekula mapema. Nilishafungua mdomo kusema hivyo.

"Sina cha kupika," nikasema. Hata mwanangu sijawahi kumwambia maneno hayo.

"Basi njoo. Ugali unapoa."

Nikaenda. Ila nilizunguka njia ya nyuma, kwenye migomba, nimejifunika khanga mpaka usoni, kana kwamba mtaani bado kulikuwa na mtu asiyejua.