Makaa Chini ya Kinanda

Nimerudi Kasongo msimu huu wa mvua na miguu inayouma, na mgongo ambao hautaki tena kukaa juu ya pikipiki. Nilikuwa nakwenda kwa mdogo wangu, ila nilimwomba dereva anipitishe kwanza misioni. Chumba cha kinanda sasa ni ghala la mahindi. Nilisimama mlangoni, nikasikia harufu ya magunia na panya, nikarudi kwenye pikipiki. Wewe unayenisoma nivumilie kidogo. Nimechoka, na habari hii nimeibeba muda mrefu mno.

Zama zile za Wabelgiji mimi nilikuwa na miaka kama kumi, mdogo wangu sita. Degedege lilimpata akiwa mchanga, likamwacha hasemi, na mkono wake wa kuume umejikunja ngumi. Kusikia alisikia vizuri. Ukimtania alicheka mpaka machozi. Bibi, aliyetulea, alikuwa mtu wa Kabambare. Kila asubuhi aliuchua mkono ule kwa mawese ya moto huku akiusemesha: "Amuka, we mukono, amuka." Mkono haukuamka. Na mwalimu wa darasa la kwanza alikwisha kusema kwamba mtoto asiyeweza kushika chaki na kuandika jina lake kwenye kibao hatapata nafasi. Bibi aliogopa sana. Mtu asiyesema wala kuandika, alisema, atatumwa na kila mtu mpaka azeeke.

Aliyetusaidia ni masere mmoja. Ndivyo tulivyowaita watawa wa kike. Alikuwa mrefu, mwenye mikono myekundu, na piano yake, ndicho kinanda chenyewe, ilikuja kwa meli ya mtoni. Mdogo wangu hakufundishwa wimbo hata mmoja. Siku ya kwanza alipiga kwa ngumi kule kwenye sauti nzito, ngurumo tupu, mimi nikaona haya. Masere akasema ni tembo anapita, akamjibu kwa sauti nyembamba za upande wa pili: ndege wanaruka. Kesho yake tena tembo, tena ndege. Mtoto akagundua kwamba akinyamaza, masere naye ananyamaza. Akaanza kungoja zamu yake, yeye ambaye nyumbani hakungojea hata chakula kipoe. Halafu ukaja mchezo wa mvua, ambayo hupigwa kwa kidole kimoja, polepole, tone kwa tone.

Kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi na kumshika kiwiko. Nje wanawake walitwanga sombe, majani ya muhogo, na mdogo wangu wakati mwingine aliufuata mchi wao. "Musimuharakishe," masere alituambia kila siku. "Vidole yake inasikia, inachelewa tu." Baada ya mwezi hivi ngumi ikaanza kufunguka. Akitoka kwenye kinanda, vidole vilikaa laini kwa muda mfupi, nasi tulimkimbizia kibao na chaki. Aliandika herufi mbili, kisha tatu. Bibi alikibeba kibao kile sokoni kuwaonyesha watu, na hakuna aliyeruhusiwa kukifuta.

Kisha mvua ikakaza. Masere aliitwa Kabambare kusaidia wagonjwa, mto ukafunga barabara, naye akachelewa huko. Kinanda kikavimba kwa unyevu. Ukibonyeza, meno yalibaki chini, na sauti ilitoka kama ya mtu mwenye mafua. Mdogo wangu alipiga tone lake la mvua, halikuitika. Akapiga tena. Kisha akakunja ngumi na kuificha kwapani. Zilikuwa zimebaki siku tatu mwalimu ampime.

Sasa, jirani yetu alikuwa mpiga ngoma. Mvua ikilegeza ngozi, aliisogeza ngoma kwenye moto, akaigonga, akaisogeza tena, mpaka sauti irudi. Kila mtoto wa mtaa wetu alilijua hilo. Nilichukua mbabula, jiko la bibi la kupikia, yenye makaa mekundu nikaisukuma chini ya kinanda. Na kweli, rafiki yangu, kilipona! Meno yakaanza kupanda, mdogo wangu akacheza, mkono ukafunguka. Tulicheka. Nikaona basi kipashwe vizuri, kiive. Tukaacha makaa pale, tukaenda kula.

Tuliporudi, ubao wa kinanda ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini, gundi imeyeyuka, nyaya zimelegea. Niliondoa mbabula, nikafagia majivu.

Masere alirudi kesho yake, sketi imejaa tope. Alikigusa kinanda kama anayegusa maiti, akaona alama nyeusi sakafuni. "Nani alitia moto humu?" Mwalimu, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakusita: "Ni huyu bubu. Kila siku iko humu ndani." Masere hakumwamini. Alinigeukia mimi, akaniuliza taratibu, "Na wewe, uliona nini?"

Mdogo wangu alikuwa ameshika gauni langu. Nikajibu, "Sikuona kitu, Masere."

Basi ikawa hivyo. Lawama ilimbakia mdogo wangu, akakatazwa kukanyaga misioni, na Jumatatu hakuna aliyempima. Bibi alikifuta kibao mwenyewe. Mimi niliendelea na shule, nikawa muuguzi, nikaishi mbali. Masere alirudi kwao wakati wa uhuru. Mwalimu amekufa, bibi amekufa, na jirani pia. Ngoma zake sijui ziko wapi. Mdogo wangu amelima mashamba ya wengine maisha yake yote. Kila mwaka nilimtumia chumvi, sabuni na nguo, nikajiita dada mwema.

Safari hii nimemwambia. Nilimkuta kwenye mkeka akimenya muhogo kwa mkono wa kushoto. Nikasema yote, makaa, majivu, na lile jibu langu, huku nikilia bila aibu kama mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakushangaa. Ndipo nilipokubali nilichojifanya nimekisahau: alikuwepo, yeye ndiye aliyenishikilia mlango nilipoingiza mbabula. Alijua tangu siku ile, na miaka yote hiyo alinipokea kwa kicheko.

Alisogea kidogo kwenye mkeka, nikakaa.