Moto Juu ya Sakafu Mpya

Mwaka ule wakimbizi walipojaa Ngara, wageni waliokuja kufanya kazi kambini walitafuta nyumba hadi Rulenge, na swali lao lilikuwa moja: chini kuna saruji?

Nyumba ya Genoveva, mjane wa huko, ilikuwa na bati zima na kuta zilizonyooka, ila chini ni udongo aliousiriba kwa samadi kila Jumamosi. Felisita, muuguzi wa kambini, aliipenda. Lakini wanawe wawili walikuwa wameteswa na funza walikopanga, na udongo hautaki tena. Alisema atarudi baada ya wiki mbili. Asipokuta sakafu, atapanga kwingine.

Kodi hiyo ndiyo ingempeleka sekondari Domisiana, binti wa Genoveva. Genoveva akasali, akauza kahawa, akamwita Luhende, fundi Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga. Luhende alipanga mawe, akamwaga zege, akapiga niru, ule uji wa saruji wa kulainishia juu, mpaka ikang'aa. Kesho yake akaitwa msibani Bugarama, akaondoka bila kusema la kufanya, kwa kuwa kwake lilikuwa jambo linalojulikana.

Genoveva naye alijua lake. Sakafu mbichi hukaushwa. Ndivyo mama yake alivyomfundisha. Akafunga madirisha, akawasha moto kila pembe, akauchochea siku mbili. Sakafu ikawa ngumu, akaigonga kwa kisigino, akaridhika. Siku ya tatu ilikuwa imepasuka toka mlangoni hadi ukutani.

Luhende aliporudi alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye ufa.

“Mama, umeichoma kama kiazi. Saruji haikaushwi, inanyweshwa maji.”

Kisha akamtuliza: angepaka niru nyembamba juu, na yule muuguzi asingejua chochote mpaka masika.

“Watoto wake watalala hapo,” alisema Genoveva. “Vunja. Moto niliwasha mimi, na mchanga nitabeba mimi.”

Akaubeba kutoka mtoni, ndoo kwa ndoo, huku akiimba nyimbo za kanisani. Sakafu ya pili ilipomwagwa, aliifunika kwa majani na kuyalowesha asubuhi na jioni.

Siku ya ahadi Felisita alikuta mlango umezibwa kwa ubao.

“Shikamoo, mama. Haijaisha?”

“Marahaba, mwanangu. Iliisha, nikaiharibu.” Akamweleza yote, moto na ufa, hakuficha kitu. Alisema zimebaki siku tano za kuinywesha, na kama hawezi kungoja, aende kwa amani.

Felisita aliinama juu ya ubao, akafunua majani, akabonyeza kwa kiganja. Chini palikuwa pa baridi, pagumu.

“Ninakokaa sasa pia kuna nyufa, ukutani,” alisema. “Mwenye nyumba anasema zililetwa na tetemeko. Tetemeko lenyewe hatujalisikia.”

Wakacheka wote wawili. Felisita akashusha godoro alilokuja nalo kwenye baiskeli, akaomba liwekwe jikoni kwa hizo siku tano. Genoveva akalipokea, akalisimamisha ukutani mbali na mafiga, kisha akachukua ndoo kwenda kuinywesha sakafu.