Gari Jeupe la Mwigizaji wa Misri

Yule mwigizaji wa Misri amekufa. Nilikuwa nachambua ndengu hapa kwangu, mjini Salama, simu nimeiegemeza kwa sufuria, habari ikapita: nyota wa filamu aliyependwa nchi zote za Kiarabu amefariki, mzee wa miaka mingi. Kwenye picha alikuwa na ndevu nyeupe, lakini macho yalikuwa yaleyale. Nikaacha ndengu. Kama ulilelewa Makindu nyakati zetu, unajua kwa nini. Kama hukulelewa huko, kaa nikueleze.

Nililelewa na nyanya, mzaa mama. Mama alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba nikiwa bado sijang'oka jino hata moja. Aliniachia gauni la manjano lililonizidi na ahadi kwamba litakaponitosha atakuwa amerudi. Jirani yetu, tuliyegawana naye ukuta, alikuwa Msomali mwenye duka la nafaka. Alinunua mbaazi na ndengu za wakulima, na ndani ya stoo yake, katikati ya magunia, aliweka televisheni na mashine ya kanda. Ndugu yake dereva wa lori alimletea kanda kutoka Mombasa, na katika karibu zote alikuwemo mwigizaji huyo mmoja.

Kiingilio kilikuwa mbaazi. Kila Jumapili tukitoka kanisani ulipewa sinia la mbaazi mbichi, ukabambua huku unatazama, na mtu akisahau mikono kwa sababu ya utamu wa picha alikumbushwa kwa kikohozi kimoja tu cha jirani. Mpaka leo nikinusa maganda mabichi ya mbaazi, pamoja na vumbi la magunia na chai ya iliki aliyotupikia mke wa jirani, naona mtu mrefu mwenye suti akishuka ngazi. Nyanya mwanzoni alikataa mambo hayo ya sinema, yeye mama wa kanisa. Baadaye alisema anakuja kunichunga. Mwishowe ndiye alikuwa akifika wa kwanza, na kiondo chake cha kusuka, akikalia gunia la mbele.

Picha zilisema Kiarabu kitupu. Jirani alisimama kando ya televisheni, kijiti cha mswaki mkononi, akatueleza kila neno. Hakuna aliyeuliza alikijulia wapi. Si alikuwa akiswali kwa Kiarabu? Kwetu sisi watu wa kanisa, mtu akishaomba Mungu kwa lugha, basi anaijua yote, hata ya kununulia vitunguu. Mwalimu wetu, aliyetuchapa kwa kusema tusichokijua, naye alikaa palepale akaitikia kwa kichwa.

Kanda zilikuja ovyo bila mpango. Jumapili hii mwigizaji ni babu anayetembea na fimbo, Jumapili ijayo ni mwanajeshi kijana, halafu tajiri, halafu mwizi wa ngamia. Nyanya alisema huyu, Mungu amempa ruhusa ya kurudi nyuma. Mimi nililishika neno hilo, maana nilikuwa na mtu wangu niliyetaka arudi. Jirani alitusimulia pia maisha ya mwigizaji mwenyewe: mtoto wa fundi cherehani, akapata umaarufu mpaka Ulaya, lakini kila Ijumaa alipanda ndege akale chakula na binti yake. Kila Ijumaa. Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa sura yake.

Kanda yangu ilikuwa ile ya mfanyakazi wa nyumbani. Mwigizaji ni bwana mwenye jumba kubwa. Mwanamke mwenye kitambaa kichwani anapiga magoti, anamshika mkono, analia. Bwana anageukia dirishani, anafuta macho. Halafu mwanamke anaingia gari jeupe na mzigo wake, gari linaondoka. "Mama anasema, nataka kwenda kwa mtoto wangu," jirani alieleza. "Bwana anamwambia, nenda, mtoto anakungoja. Sasa gari inampeleka." Nilikuwa nikigeuka kumwangalia nyanya, naye kila mara alikuwa ameinamia kiondo chake.

Gauni la manjano lilinitosha, kisha likanibana, kisha likawa kitambaa cha kufutia meza. Mimi nilikuwa bado naangalia magari meupe kwenye barabara ya Mombasa. Nilipopata nafasi ya shule ya bweni kule Mbooni, shule nzuri, nilikataa. Nilisema gari likija na mimi niko milimani, nani atalipokea? Nyanya, ambaye hakukosa methali ya jambo lolote, siku hiyo alikosa. Nafasi ikachukuliwa na msichana mwingine.

Sasa, hii habari ya kifo ilieleza maisha ya mwigizaji yote. Fundi cherehani alikuwa kweli. Umaarufu ulikuwa kweli. Lakini mwigizaji alimwacha binti yake akiwa mchanga, akaenda Ulaya, na kwa miaka mingi mtoto yule alimwona baba kwenye skrini tu, kama sisi wa Makindu. Hapakuwa na Ijumaa. Mkono wangu ukaanza kutafuta ile kanda yangu kwenye simu kabla moyo haujakubali. Ilikuwepo, na maneno ya Kiingereza chini. Mwanamke anapiga magoti. Anaomba aende kwa mtoto wake. Bwana anageukia dirishani na kusema: mtoto wako alishakusahau. Halafu anaagiza dereva ampeleke kwa ndugu yake yeye bwana, huko wanahitaji mtu wa kufua. Hayo machozi anayafuta kwa sababu atayakosa mapishi ya mwanamke huyo.

Kesho yake nilienda Makindu. Stoo sasa inauza mitungi ya gesi, na kijana wa pale hajui mbaazi iliwahi kubambuliwa humo. Jirani nilimkuta uani, macho yamefifia kabisa, akanijua kwa sauti. Nilimuuliza moja kwa moja, hata chai sijaletewa.

"Kiarabu mimi sijui, mama," akasema. "Najua ya kuswali tu. Zile zingine nilikuwa natunga, watu wafurahi."

"Na ile ya gari?"

"Ile ilikuwa ya nyanya yako. Mama yako alipiga simu hapa dukani, mimi ndiye nilishika. Alisema ameolewa huko, harudi, mtoto aambiwe polepole. Nyanya yako akaniambia, wewe sema anakuja. Mimi ningefanya nini? Ulikuwa unaniangalia sana."

Nikauliza ilikuwa lini. Akasema nilikuwa bado navaa lile gauni la manjano, na lilikuwa linaburura chini.

Nyanya amelala kaburini nyuma ya kanisa, nami nimekasirika na mtu nisiyeweza kumgombeza. Ndiye aliyenifundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Njia yake yeye ilitoka utoto wangu ikafika mpaka juzi, na katikati ilikanyaga shule yangu ya Mbooni. Utasema walinipenda. Najua walinipenda. Mapenzi hayo yalinikalisha kando ya barabara nikingoja mtu aliyekuwa ameshasema hapana, na wao wawili walijua, mimi peke yangu sikujua.

Nilitoa simu, nikafungua ile picha hapohapo, mzee asikie. Muziki ulipoanza uso wake ulifunguka. Alinyoosha kidole hewani, kana kwamba bado ameshika kijiti cha mswaki, akaanza kwa sauti ileile ya Jumapili: "Sasa mama anasema, nataka kwenda kwa mtoto wangu..."

Nikaongeza sauti ya simu mpaka mwisho, Kiarabu kikajaa uani, nisimsikie. Mwanamke aliingia gari jeupe. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Hakufanana na mama hata kidogo.