Marehemu wa Ngome ya Hirzeck

Gerlint alikuwa mpika pombe wa ngome ya Hirzeck, mwanamke wa mabega mapana na sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Mumewe, Volmar, alikuwa mtunza farasi wa Bwana Ortlieb, mwenye ngome. Volmar alimfuata bwana wake vitani Lombardia, kule Italia, nyuma ya bendera ya Kaizari, akarudishwa amelazwa kwenye mkokoteni wa majani, hana nguvu toka kiunoni kwenda chini.

Kilichompata ni hiki. Walipokuwa wakivuka mto uliofurika, farasi wa Bwana Ortlieb aliteleza, na bwana mwenyewe, na mavazi yake yote ya chuma mwilini, akazama kama jiwe. Volmar akajitosa, akamdaka mkanda, akamburura hadi ukingoni. Farasi naye, akitapatapa kutoka majini, akamwangukia Volmar mgongoni. Bwana Ortlieb, huku bado anatapika maji, akashika msalaba wa padri wa jeshi na kuapa kwamba tangu siku ile Volmar ni ndugu yake, na nyumba ya Volmar ni nyumba yake.

Nyumba yenyewe ilikuwa kibanda cha udongo kando ya zizi. Humo Gerlint alimlisha mumewe, akamgeuza, akamsafisha, na huku anapika pombe ya ngome nzima. Yule ndugu wa kiapo hakuwahi hata siku moja kuinamisha kichwa kuingia mlangoni.

Alichofanya Bwana Ortlieb ni kutunga wimbo. Kipaji alikuwa nacho, hata Gerlint hakukana. Alijua kuimba habari za uaminifu, za kiasi katika kila jambo, za kumhurumia mnyonge na kuwaheshimu wanawake, na jinsi Mungu anavyompenda mwenye upanga anayeyashika hayo yote. Wimbo huu mpya ukazipita nyimbo zake zote, ukaenda ngome hadi ngome: mto, mafuriko, bwana na mtumishi wake mwaminifu. Ila humo aliyejitosa ni bwana. Mtumishi alikufa mikononi mwake, amefunikwa joho la bwana, akimwombea kwa Mungu kwa maneno matamu ambayo Volmar asingeyasema hata akilewa.

Gerlint aliusikia mara ya kwanza jikoni, mpishi akiuimba huku ananyonyoa bata. Alirudi nyumbani mbio.

"Wamekuua," alimwambia mumewe. "Umekufa, habari unayo? Tena umekufa vizuri, mabibi wanakulilia."

Volmar akacheka. "Basi mimi maiti nina bahati kuliko mimi mzima. Achana nao, mke wangu. Si wimbo tu? Mwache bwana apate lake."

"Lake? Huo mgongo ni wake?"

"Ukipiga kelele atatufukuza."

Gerlint akamtazama, akaona kitu kilichomchoma kuliko uongo wenyewe: mumewe aliupenda ule wimbo. Alikuwa akiuimba puani alipodhani yuko peke yake.

Wiki ya kuelekea Pentekoste msimamizi wa ngome, Rupreht, akasimama mlangoni bila salamu.

"Mama, mnahama. Wageni wa bwana wanakuja na mbwa wao wa kuwinda. Hapa panakuwa banda lao."

"Na huyu mgonjwa nimpeleke wapi?"

"Kuna ghala la chini."

"Ghala la chini lina maji, Rupreht."

"Si utandike majani? Kwani mimi ndiye bwana?"

Siku ya sikukuu, misa ikaisha, padri akiwa amehubiri upendo mpaka sauti ikamkauka, na watu wakakaa ukumbini kula. Gerlint alimvalisha mumewe shati safi, akampakia kwenye toroli lake la mapipa.

"We mwanamke, unanipeleka wapi? Utaniaibisha! Nishushe!"

"Aibu ni yao."

"Gerlint, nakuomba!"

Hakumsikiliza. Volmar hakuwa na miguu ya kumkimbia, na Gerlint alilijua hilo, akaendelea kusukuma.

Bwana Ortlieb alikuwa ameshika zeze, amefika pale katika wimbo mtumishi anapokata roho. Ukumbi kimya, mabibi wanajifuta macho. Toroli likaingia likilia kwa gurudumu lake.

"Msilie, mabibi zangu," Gerlint akasema. "Marehemu huyu hapa. Asubuhi amekula uji. Muulizeni ni nani aliyeingia mtoni! Na muulizeni usiku atalala wapi, maana chumba chake wamepewa mbwa wenu!"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Bwana Ortlieb alibadilika rangi. Kisha akaweka zeze chini, akaja taratibu, akapiga magoti mbele ya toroli, akaubusu mkono wa Volmar. Na palepale, bila kujikwaa, akaimba ubeti mpya: Mungu ameona machozi yake, amemrudisha rafiki yake kutoka kaburini. Akavua joho, akamfunika nalo. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Wengine walifanya ishara ya msalaba.

"Sema, Volmar!" Gerlint alipiga kelele. "Waambie nani alimtoa nani!"

Volmar alimtazama bwana aliyepiga magoti, akazitazama zile nyuso zote.

"Ni kama bwana anavyosema," akasema.

Wageni walipoondoka, Rupreht alikuja kulichukua joho. Gerlint alimrushia usoni. Siku hiyohiyo akampakia mumewe kwenye toroli, akashika njia ya mji wa Ulm, kwa dada yake. Hakuna aliyetumwa kuwafuata.

Njiani Gerlint alisukuma tu, macho mbele. Hatimaye Volmar akasema mwenyewe: "Ulitaka niseme nini? Walikuwa wananitazama. Watu wakubwa wale, mke wangu, wananitazama mimi."

"Shika vizuri," Gerlint akajibu. "Kuna shimo."

Huko Ulm Gerlint alipika pombe, akapata wateja, na Volmar akachonga vijiko vya mti mpaka homa ya msimu mmoja wa baridi ilipomchukua. Gerlint alimlilia sana, kwa hasira na kwa mapenzi, na hakujua kipi kilizidi. Kwenye maungamo padri wa mtaa, mtu mpole, alimwuliza kama amemsamehe Bwana Ortlieb.

"Mimi naambiwa nisamehe, padri. Na yeye anaambiwa nini?"

"Mwanangu, ya kwake ni kati yake na Mungu."

"Basi na ya kwangu yawe hivyohivyo."

Padri alimpa kitubio cha kufunga kila Ijumaa hadi Krismasi. Gerlint alifunga Ijumaa zote, hakukosa hata moja. Kusamehe hakusamehe.