Mikoba Chini ya Kitenge

Mimi niliishia darasa la tano, lakini leo wanawake wa Mwanza wanabeba mikoba inayotoka sebuleni kwangu, hapa Guangzhou, China. Jumapili naifunika kwa kitenge, tunasali humohumo mimi na Watanzania wenzangu. Siku moja mteja wangu mkubwa, aliyekuwa anarudi Mwanza kesho yake, akafunua kitenge katikati ya sala.

“Kaka, huu mwekundu bei gani?”

“Dada, leo siuzi.”

“Hata mimi? Haya, naenda kwa Wachina!”

Nusu ya mzigo wangu alikuwa akinunua yeye. Hata hivyo nikafumba macho, nikaendelea kuomba. Jumatatu akanipigia kutoka uwanja wa ndege.

“Nichagulie mwenyewe, unitumie. Anayemwogopa Mungu hivyo hataniuzia mikoba mibovu.”

Namshukuru Mungu. Siku hizi ananiagizia bila hata kuomba picha.