Madirisha Matupu ya Kidato cha Nne

Sijawahi kuomba radhi kwa somo lile, na kwa umri huu sidhani kama nitaanza sasa.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya sabini, nami nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari upande wa Mandewa. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na jambo jipya kichwani. Seli haikui ovyo; hungoja ujumbe wa kemikali unaoiambia ikue. Ujumbe hupokewa na kipokezi kilichosimama kwenye utando wa nje. Kumbe kikishapokea hakibaki pale. Ujumbe wenyewe ndio unaofanya kivutwe ndani, kikiwa bado kimeushika, katika kifuko kidogo. Huko ndani vingine husagwa, vingine hurudishwa nje vikapokee tena. Wataalamu walikuwa bado wanabishana: kikishaingia kinanyamaza, au kinaendelea kusema? Mimi nilikuwa upande wa wanaosema kinaendelea, na nilikuwa na sababu yangu.

Miaka michache kabla ya hapo, wakati wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, gari la kipaza sauti lilipita kwetu Kintinku asubuhi na jioni likitutaka tuhame. Mwanzoni watu walitoka kusikiliza. Lilipozidi, wakaacha. Mama akilisikia tu, aliingia ndani na kufunga mlango. Wenye gari walituona viziwi. Mimi nilikuwa mle ndani, na sijapata kusikia watu wakijadili jambo kwa ukali kama mama na jirani zake walivyolijadili lile.

Basi siku hiyo niliwafanya Kidato cha Nne kuwa seli. Madirisha yetu manne hayakuwa na vioo. Kila dirisha niliweka wanafunzi wawili, ndio vipokezi. Wengine walikuwa nje na magunzi ya mahindi, ndiyo ujumbe. Ukipokea gunzi, unaondoka dirishani, unakwenda katikati ya darasa huku ukisema, "Kua, kua." Nikikugusa bega, unarudi dirishani. Nisipokugusa, unakaa chini, umesagwa. Nikawaambia wa nje walete magunzi mfululizo. Baada ya muda mfupi madirisha yote yalikuwa matupu, na katikati ya darasa kelele tupu.

Hapo ndipo mkaguzi alipotokea dirishani. Alisalimu mara mbili, hakuna aliyemsikia. Alipoingia kwa mlango, wanafunzi waliruka wima na kumwamkia kwa shikamoo, lakini uso wake ulikuwa umeshakunjamana. Akauliza kwa nini hawakumwitikia. Msichana mmoja mpole akamjibu, "Tumeitwa kupita kiasi, mheshimiwa. Seli ikiitwa mno, inaondoa masikio yake nje."

Mkaguzi hakuona seli pale. Aliona gari la kipaza sauti, kwa sababu alikuwa mmoja wa waliopanda magari yale. Alimwambia mkuu wa shule kwamba nawafundisha vijana kuziba masikio Serikali inaposema. Akataka ama nisimame mbele ya darasa niseme nilikosea, kwamba ujumbe ukiingia ndani umekwisha, haujadiliwi tena, ama nihamishwe.

Nililia kwa hasira. Darasa lile nililipokea likiwa Kidato cha Kwanza, na nilichokuwa nakitaka ni kimoja tu: kuwa nao hadi wafanye mtihani. Mkuu wa shule alilijua hilo. Alinibembeleza kama mwanawe.

"Mwalimu, ni sentensi moja tu. Useme, ubaki na watoto wako."

"Nikiisema, nitakuwa nabaki nao nikiwa nimewadanganya."

Jumatatu nilisimama ubaoni, mkuu wa shule na mkaguzi wakiwa nyuma. Niliwaambia wanafunzi kwamba wakubwa wananitaka niseme kipokezi kikiingia ndani kimenyamaza. Nikawaambia wataalamu bado wanabishana, na kwamba mimi, mwalimu wao, naamini kinasema. Kisha nikachora kifuko ubaoni, kipokezi ndani yake, na mshale mrefu kuelekea kwenye kiini cha seli. Mkaguzi alitoka kabla sijamaliza mshale.

Barua ya uhamisho ilifika haraka. Wanafunzi wangu walifanya mtihani bila mimi, na hilo linaniuma mpaka leo. Miaka mingi baadaye ilithibitika kwamba kipokezi husema hata kikiwa ndani. Sikushangaa hata kidogo.

Nilipelekwa Itigi. Darasa langu huko lilikuwa na madirisha sita. Wiki ya kwanza tu nilituma wanafunzi wakatafute magunzi.