Darubini ya Shangazi

Shangazi yangu alistaafu kazi ya polisi akiwa bado anasimama wima kama yuko kwenye gwaride. Jambo la kwanza lililomkera baada ya hapo halikuwa goti wala mgongo. Ni macho. Kile chuma kidogo kilicho mbele ya mtutu wa bunduki, ambacho mlengaji hukitazama ili ajue risasi itakwenda wapi, kilikuwa kimegeuka ukungu. Shabaha aliiona vizuri na mkono ulikuwa imara, ila kile chuma kilikuwa hakikamatiki.

"Nakitafuta kama natafuta uzi wa kutunga sindano," aliniambia kwenye simu. "Nataka darubini. Lakini ya pensheni, si ya mshahara wako."

Bunduki yenyewe ilikuwa ya marehemu mumewe, ile ndogo ambayo huku kwetu huitwa sakatoni, yenye risasi nyembamba kama kipande cha penseli. Aliinunua zamani kwa ajili ya kuwindia, na hata wakati huo ilikuwa ya bei rahisi kuliko zote dukani. Siku hizi kuwinda kumekatazwa, paa wamebaki kutazamwa tu. Shangazi akaihamishia kwa jina lake, akapata kibali, ikawa bunduki ya kulengea shabaha uwanjani.

Mimi nafanya kazi mji wa Nizwa na yeye anakaa mji wa Ibra. Alikuja asubuhi akiendesha gari mwenyewe, kupitia Sinaw na Izki, bunduki imefungwa ndani ya mkoba wake, kibali kipo kwenye pochi. Nikamwamkia, "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Yallah, twende kabla jua halijapanda."

Wiki nzima nilikuwa nimesoma maoni ya watu mtandaoni kuhusu darubini za bunduki, na nilishajichagulia moja kichwani: ndefu, nene, inakuza mara kumi na sita, ina vitufe vya kuzungusha kila upande. Tulipofika kwenye duka la bunduki lililo mbele ya ngome ya mji, mwenye duka akaitoa. Ilikuwa ya kampuni isiyojulikana, ndiyo maana bei yake haikutisha. Kando yake akaweka nyingine fupi, nyeusi, haina mbwembwe, inakuza mara nne tu.

Shangazi hakuuliza bei. Aliomba ruhusa azipeleke mlangoni, akazielekeza kwenye minara ya ngome. Alikaa na ile kubwa muda mrefu, kisha akailaza juu ya meza ya pale mlangoni, akanipisha.

"Hebu tazama, halafu usogeze kichwa kidogo. Kidogo tu."

Nikasogeza. Ule msalaba mwembamba uliomo ndani ya kioo ukahama kutoka dirisha moja la ngome hadi jingine, ingawa darubini yenyewe ilikuwa imetulia juu ya meza. Nikarudia kwa ile fupi, msalaba ukabaki karibu palepale.

"Na bado hujaona joto," alisema. "Saa nne asubuhi uwanjani kwetu, ardhi inachemka. Hiyo kubwa itanikuzia mazigazi. Nitakuwa naogelea, silengi."

Nilipendekeza basi tuchukue ya daraja la juu, nami nitaongezea. Akanitazama kwa upole.

"Mwanangu, bunduki yangu ni ya bei ya baiskeli. Nikiivisha taji itaona haya."

Hata hivyo kuna jambo moja nililoliona mimi, na ninafurahi nililisema. Alipokuwa anajaribu darubini alikuwa ameivua miwani yake. Nikamwomba aivae, kwa sababu uwanjani huivaa daima. Alipoivaa, jicho likawa mbali zaidi na kioo, na pembeni ya picha pakaingia duara jeusi. Ile fupi ilimpa nafasi ya kutosha, duara likaondoka akisogea kidogo. Ile kubwa ilimtaka aibandike usoni. Shangazi akanipiga begani. "Ahsante. Hilo lingenitesa."

Tukachukua ile fupi, kisha tukaja kwenye risasi. Hapo nilidhani mambo yatakuwa mepesi, maana yeye alishaamua tangu Ibra. Marehemu alikuwa akitumia zile za kasi, zinazolia kwa ukali, na Shangazi alikuwa na hakika hakuna nyingine. Mwenye duka akamwambia bunduki kama ile haitabiriki, kila mtutu una chakula chake. Nilitarajia atabisha. Badala yake akafikiri, akaomba kikasha kimoja cha kila aina aliyoweza kuimudu: zile za kasi, za mwendo wa wastani, na nyingine za polepole ambazo sikuwahi kuona mtu akizinunua kwa fahari.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Ibra. Tulifika uwanjani mapema, upepo ukiwa bado haujaamka. Shangazi akalaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, akabandika karatasi mbali, akaanza kwa zile za kasi. Matundu yakatawanyika karatasi nzima. Nikasema risasi ni mbovu. Akafyatua za aina nyingine, nazo zikaenda kokote zilikotaka.

Akaweka bunduki chini, akaitoa risasi iliyomo, akaishika darubini kwa vidole viwili na kuisukuma. Ikasogea. Zile pete mbili zinazoifunga juu ya bunduki zilikuwa zimelegea. Nilizifunga mimi mwenyewe kule Nizwa, bila kuzikaza sana, kwa kuogopa kuzivunja. Akachukua bisibisi mkobani, akakaza skrubu moja kidogo, akahamia ya upande wa pili, akarudi ya kwanza, hivyo hivyo mpaka zote zikatulia sawasawa. Hakunilaumu hata kwa jicho. Alisema tu, "Sasa tuanze upya. Yale ya mwanzo hayahesabiki."

Ndipo nikaona kazi ilivyo. Alipiga kila aina ya risasi kwenye karatasi yake, bila haraka, akiacha mtutu upoe, bila kugusa vitufe vya darubini, kwa sababu alikuwa hajali matundu yako wapi. Alijali yamekaribiana kiasi gani. Za kasi zilitawanyika kama mtama uliomwagika. Za wastani zilikuwa afadhali. Zile za polepole, zisizo na kelele, zilitoboa mahali pamoja hadi matundu yakashikana, ungeweza kuyafunika yote kwa kifuniko cha chupa.

Shangazi aliitazama ile karatasi. Nilijua anamfikiria marehemu, aliyeapa maisha yake yote kwa zile za kasi.

"Masikini mume wangu," akasema mwishowe, akitabasamu. "Alikuwa akipenda kelele." Hapo ndipo alipovigusa vitufe, akausogeza ule msalaba wa kioo hadi risasi zikapiga katikati. Khalas, ikawa imekamilika.

Siku ya pili ya Idi, ukoo wetu hukusanyika palepale uwanjani kushindana kulenga shabaha, wanawake wana safu yao. Mama yangu, ambaye kwao walitoka Tabora na ambaye Shangazi ndiye aliyemfundisha kulenga, alikuja na bunduki ya baba, nzuri na ghali. Katika duru ya kwanza ikakwama, ganda la risasi likakatalia ndani. Mama akaanza kukusanya vitu vyake.

"Wifi, unakwenda wapi?" Shangazi akamwita. Alikuwa amemaliza zamu yake, na alama zake ndizo zilizokuwa juu. Akamwomba msimamizi ruhusa, akapewa, akaiweka bunduki yake mbele ya mama pamoja na kikasha cha risasi za polepole.

"Wifi, nikikushinda kwa bunduki yako?" mama akauliza.

"Nishinde. Lakini pumua kwanza, na upepo ukivuma usifyatue."

Mama alilala chini, akapumua. Upepo ulipoinua vumbi alingoja, watu wakaanza kunong'ona, Shangazi akawatazama wakanyamaza. Ukatulia, mama akafyatua, akafanya hivyo mpaka zamu yake ikaisha. Msimamizi alipoleta karatasi ilionekana wazi: mama amemshinda Shangazi kwa alama moja.

Nilimtazama Shangazi usoni, nikitafuta hata chembe ya kujuta. Alikuwa amejishika kiuno anacheka, machozi yanamtoka, akiwaonyesha watu wote ile karatasi kama ni yake. "Mashaallah! Mnaona? Mnaona bunduki ya bei ya baiskeli?" Kisha akamkumbatia mama, wakabaki wameshikana, wote wawili wana vumbi mpaka kwenye kope.

Jioni walikaa sebuleni wakiisafisha pamoja ile bunduki ya Shangazi. Mama alishika mtutu, Shangazi akapitisha kitambaa, wakibishana kama upepo ulikuwa unatoka kushoto au kulia.